Kumtafuta mlowezi wa Marekani wa karne ya 19: FamilySearch inatosha, au ulipie?

Anayetafuta ukoo wa mlowezi aliyehamia magharibi mwa Marekani katika karne ya 19 hukutana kwanza na huduma za kulipia, na wengi huanza kwa kutoa namba ya kadi ya benki. Ushauri wetu ni kinyume cha hapo. Anzia FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo ambayo ni ya bure. Toka hapo uende GLO Records, tovuti ya serikali ya Marekani ya hati za ardhi, nayo ni ya bure. Kisha, kama una fedha ya kulipia kitu kimoja tu, lipia nakala ya jalada la ardhi kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mjini Washington. Usajili wa mwaka kwenye Ancestry, tovuti ya nasaba ya kulipia, ni mzuri, lakini unaweza kungoja hadi ujue hasa unatafuta karatasi gani.

Ili tathmini hii isielee hewani, tumemchukua mtu mmoja anayejulikana: Daniel Freeman, aliyezaliwa Ohio mwaka 1826. Tarehe 1 Januari 1863, siku ya kwanza ya kutumika kwa Sheria ya Homestead, iliyompa mlowezi ardhi ya umma kwa ada ndogo akikaa na kuilima miaka mitano, aliandikisha ombi la shamba katika ofisi ya ardhi ya Brownville, Nebraska, na ombi lake likapewa namba 1. Shamba lake, karibu na Beatrice katika Kaunti ya Gage, leo ni hifadhi ya taifa. Karatasi zake zinaonyesha vizuri kila huduma inatoa nini na inaishia wapi.

FamilySearch ni kazi ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Ilianza mwaka 1894 huko Utah kama chama cha nasaba, ikaanza kupiga nyaraka mikrofilamu mwaka 1938, na kufikia 2021 mikanda yake milioni 2.4 hivi ilikuwa imeshageuzwa kuwa picha za kidijitali. Kujiandikisha ni bure, si lazima uwe muumini, na hakuna kadi inayoombwa. Hiyo peke yake inatosha kuiweka mbele ya wengine wote, hasa kwa msomaji aliye nje ya Marekani ambaye hana maktaba ya kaunti ya kwenda kupekua.

Lakini ukifungua akaunti, usianzie kwenye mti wa ukoo. Mti wa FamilySearch ni mmoja kwa dunia nzima, na mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kubadilisha taarifa za marehemu. Matokeo yake ni kwamba Freeman wa Nebraska anaweza kuunganishwa na Freeman wa Vermont kwa sababu tu majina na miaka vimekaribiana. Mti huo ni kidokezo, hauwezi kuwa ushahidi. Ukilazimika kuutumia, fungua kwanza sehemu ya vyanzo, kisha historia ya mabadiliko: ukikuta vyanzo ni miti mingine tu, au mtoto kazaliwa mama akiwa na miaka tisa, au mtu kazaliwa katika kaunti ambayo ilikuwa haijaundwa, achana na tawi hilo. Historia ya mabadiliko ina uzuri wake: inakuruhusu kurudisha taarifa sahihi iliyofutwa, na kuandika sababu ili anayefuata asirudie kosa.

Nenda moja kwa moja kwenye utafutaji wa kumbukumbu. Weka jina la ukoo, jimbo, na kipindi cha miaka kumi, si zaidi. Nyota inasimama badala ya herufi nyingi na alama ya kuuliza badala ya herufi moja, na utazihitaji, kwa maana walioandaa faharasa walisoma mwandiko wa kalamu ya wino wa miaka 150 iliyopita. Kosa linalojirudia kuliko yote ni la herufi s mbili: waandishi wa zamani waliandika s ya kwanza ndefu kama f, hivyo Ross anageuka Rofs na Jessie anakuwa Jefsie, wakati mwingine Jepie. Makarani wengi pia waliandika herufi ya kwanza tu ya jina. Ukishindwa kumpata mtu kwa jina lake, mtafute kwa jina la mtoto mwenye jina lisilo la kawaida, au kwa jina la jirani.

Kilichobadilisha hali kwa kweli ni utafutaji wa maandishi yote, uliofunguliwa kwa majaribio mwaka 2024. Programu ya akili bandia imesoma hati za ardhi na za mirathi za Marekani neno kwa neno. Zamani faharasa ilikupa jina la muuzaji na la mnunuzi tu. Sasa unampata shahidi aliyetia sahihi, shemeji aliyetajwa ndani ya wosia, mjane aliyekubali kuacha haki yake katika shamba, na jirani ambaye mpaka wake umeandikwa. Kwa ukoo wa walowezi hili ni jambo kubwa, kwa sababu hawakuhama mmoja mmoja. Waliondoka Ohio au Kentucky wakiwa ndugu, wakwe na majirani, wakapanga mashamba yao pamoja kule walikofika. Ukimpata jirani, umekaribia kumpata baba mkwe. Weka jina kamili ndani ya alama za kunukuu, ongeza jina la kaunti, na usome picha yenyewe kila mara, maana programu nayo hukosea mwandiko.

Kasoro moja ya FamilySearch huwaudhi wengi. Baadhi ya picha hazifunguki ukiwa nyumbani, kwa sababu mikataba na wenye nyaraka inaruhusu zionekane tu kwenye vituo vya FamilySearch au maktaba shirikishi. Vituo hivyo viko nchi nyingi, mara nyingi ndani ya majengo ya kanisa hilo, na huduma ni ya bure. Ukiona alama ya kufuli kwenye picha, andika namba ya mkanda na namba ya picha, kusanya orodha, uende kituoni mara moja ukiwa na kila kitu.

Sensa ndizo uti wa mgongo wa kazi yote, na hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu watu wanazisoma kana kwamba zote zinafanana. Marekani imehesabu watu kila miaka kumi tangu 1790, lakini hadi 1840 jina lililoandikwa ni la mkuu wa kaya peke yake. Mwaka 1850 ndio wa kwanza kumtaja kila mtu huru kwa jina, umri na mahali alipozaliwa. Hata hivyo sensa za 1850, 1860 na 1870 hazisemi nani ni nani ndani ya nyumba: mwanamke wa miaka 24 anaweza kuwa mke wa pili, dada, au binti wa kwanza. Uhusiano na mkuu wa kaya unaanza kuandikwa 1880, pamoja na mahali walipozaliwa baba na mama wa kila mtu. Sensa ya 1890 karibu yote imepotea kutokana na moto wa Januari 1921 jijini Washington. Ya 1900 ina thamani ya pekee: inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai, na mwaka mhamiaji alipoingia nchini.

Pengo la miaka 20 kati ya 1880 na 1900 ndilo linaloua tafiti nyingi za walowezi, kwa sababu ndio wakati watoto walipokua, wakaoa na kuhama tena. Daraja lipo. Mwaka 1885 serikali kuu ilisaidia gharama za sensa katika maeneo machache, yakiwemo Nebraska, Colorado na Dakota. Kansas ilikuwa na sensa zake yenyewe kila miaka kumi tangu 1855, na zile za 1875 na 1885 zina safu inayosema mtu alitoka wapi kuja Kansas. Safu hiyo moja huokoa miezi ya kubahatisha, kwani aliyezaliwa Pennsylvania huenda alikaa Iowa miaka 15 kabla ya kuvuka, na ni Iowa uliko mkataba wake wa ndoa. Angalia pia jedwali la kilimo la 1880, ambalo linataja shamba kwa jina la mkulima, ekari zilizolimwa, ng'ombe, na mavuno.

Kwa familia za Waamerika Weusi mambo ni magumu zaidi, na kuyapuuza ni dhuluma. Majedwali ya watumwa ya 1850 na 1860 kwa kawaida yanataja umri, jinsia na rangi chini ya jina la aliyewamiliki, bila jina la mtumwa mwenyewe. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wengi wao kwa majina. Walowezi wa Nicodemus, Kansas, mji ulioanzishwa 1877 na watu Weusi waliotoka Kentucky, wanapatikana vizuri Kansas, lakini ukirudi nyuma ya 1870 unahitaji kumbukumbu za Ofisi ya Walioachwa Huru (Freedmen's Bureau), ofisi ya serikali iliyowahudumia waliokuwa watumwa, na za benki yao, na zote zimo FamilySearch bure. Hapo ndipo thamani ya huduma hii inapoonekana wazi.

Baada ya sensa, nenda GLO Records, tovuti ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali ya Marekani. Ina zaidi ya hati milioni tano za ardhi ya umma, na picha za hati miliki zenyewe. Chagua jimbo, weka jina la ukoo, acha kaunti wazi kwanza. Ukipata hati, soma vitu vinne: ofisi ya ardhi, namba ya hati, sheria iliyotumika, na maelezo ya eneo.

Maelezo ya eneo yanatisha mwanzoni lakini ni rahisi. Ardhi ilipimwa kwa taunishipu za maili 6 kwa 6. Kila taunishipu ina seksheni 36, kila seksheni ni maili moja ya mraba, yaani ekari 640, na robo yake ni ekari 160, kiwango cha juu cha shamba la Homestead. Namba ya taunishipu inahesabiwa kaskazini au kusini ya mstari wa msingi, na ile ya renji, yaani safu ya taunishipu, mashariki au magharibi ya mstari mkuu. Shamba la Freeman liko seksheni ya 26, taunishipu ya 4 kaskazini, renji ya 5 mashariki. Halikuwa mraba mmoja: ni nusu ya kusini ya robo ya kaskazini-magharibi, pamoja na vipande viwili vya ekari 40 vinavyopakana nayo. Tovuti inachora eneo kwenye ramani ya leo ukiweka alama ya vema. Ukishalijua eneo, tafuta tena kwa seksheni badala ya jina, nawe utawaona majirani wote.

Kuhusu sheria iliyotumika, hapa watu hupoteza fedha. Hati ya Homestead inataja sheria ya tarehe 20 Mei 1862. Nyingine inataja mauzo ya fedha taslimu ya 1820. Jalada la mauzo ya kawaida mara nyingi ni stakabadhi na karatasi mbili tatu zisizosema lolote kuhusu familia. Lakini walowezi wengi wa Homestead hawakungoja miaka mitano. Walikaa muda mfupi, kisha wakalipa dola 1.25 kwa ekari na kuchukua hati mapema, na hati hiyo ikaandikwa kama mauzo ya fedha taslimu. Majalada ya namna hiyo mara nyingi yana ushahidi wote wa Homestead ndani yake. Kabla ya kuamua, angalia vitabu vya viwanja vya ofisi za ardhi, ambavyo picha zake zimo FamilySearch: vinaonyesha kama ombi lilianza kama Homestead. Vitabu hivyohivyo vinaonyesha maombi yaliyofutwa, ambayo GLO haiyaonyeshi kabisa, kwa kuwa GLO ina waliofaulu tu. Babu aliyeshindwa na ukame akaondoka mwaka wa tatu alikuwa na jalada pia.

Sasa jalada lenyewe. Kwa maoni yetu hii ndiyo huduma bora kuliko zote kwa aliyefika hatua hii. Unaagiza kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, au kwa fomu namba 84, na ada imekuwa dola 50 kwa jalada. Thibitisha bei kabla ya kulipa. Unachopata hakimo katika faharasa yoyote. Katika uthibitisho wa Freeman, yaani ushahidi wa mwisho kwamba alikaa shambani na kulilima, mashahidi wawili wanaeleza nyumba ya futi 14 kwa 20, sehemu ya magogo na sehemu ya mbao, yenye milango miwili na madirisha mawili. Wanataja ekari 35 hivi zilizolimwa na kuzungushiwa uzio, zizi, banda la kondoo lenye urefu wa futi 100, kihenge cha mahindi, mitufaha 40 na mipichi kama 400. Hati miliki ya GLO inakupa jina, eneo na tarehe, basi. Jalada linakuonyesha mtu aliishije. Na kwa mhamiaji kutoka Ulaya lina zaidi: sheria ilidai awe raia au awe ametamka kusudio la kuwa raia, kwa hiyo karatasi za uraia mara nyingi zimo humo, na hizo ndizo ufunguo wa kuvuka bahari kumtafuta.

Agizo linarudi bila majibu, au linakuwa hasara, kwa sababu chache zinazojulikana. Ya kwanza ni kukosea namba. Majalada ya kabla ya Julai 1908 yamepangwa kwa ofisi ya ardhi na namba ya cheti cha mwisho; ya baadaye yamepangwa kwa namba moja ya mfululizo ya hati miliki. Ukitaja namba bila ofisi ya ardhi, hakuna wa kukusaidia, maana kila ofisi ilikuwa na namba 1 yake. Ya pili ni jina: mlowezi akifa kabla ya kuthibitisha, mjane au warithi walimalizia, na hati ikatoka kwa jina lao. Ya tatu ni kutojua kilichopo tayari kwingine: majalada ya Homestead ya Nebraska yameshapigwa picha na yako Fold3, tovuti ya nyaraka ya kulipia, kwa hiyo kuagiza la Nebraska kwa dola 50 ni kulipia kitu kinachoweza kupatikana kwa gharama ndogo, au bila gharama kupitia maktaba zenye usajili.

Oregon ni habari nyingine. Sheria ya 1850 iliwapa mume na mke hadi ekari 640, nusu kwa jina la mke mwenyewe, hivyo ilibidi ndoa ithibitishwe. Majalada yake yanataja tarehe na mahali pa ndoa. Kwa mtafutaji wa jina la ukoo wa bibi kabla ya kuolewa, hakuna kundi la nyaraka za walowezi linalokaribia hilo.

Nyaraka hizi za ardhi zisomwe kwa macho mawili. Kabla ya kuwa ardhi ya umma, ilikuwa ya watu. Katika Kaunti hiyohiyo ya Gage, hifadhi ya Waoto na Wamissouria iliendelea kuwepo hadi walipohamishwa mwaka 1881, na viwanja vyake vikauzwa kwa utaratibu tofauti na wa Homestead. Mtafiti asiyejua hilo atashangaa kwa nini jirani wa upande wa kusini alilipa bei kwa ekari ilhali babu yake hakulipa zaidi ya ada.

Magazeti ya zamani yapo bure kwenye Chronicling America ya Maktaba ya Bunge. Kuanzia sheria ya Machi 1879, mlowezi alilazimika kutangaza gazetini kwamba anakwenda kuthibitisha, akitaja mashahidi. Tafuta jina la ukoo pamoja na maneno "final proof". Kwa uthibitisho wa kabla ya hapo, kama wa Freeman, usipoteze siku kutafuta tangazo.

Ancestry, kwa kifupi: faharasa zake za sensa ziliandaliwa tofauti na za FamilySearch, kwa hiyo aliyefichwa na mwandiko mbaya upande mmoja huenda akaonekana upande wa pili. Hiyo ndiyo sababu halali ya kulipia. Vidokezo ambavyo tovuti inakuletea kwa alama ya jani ni vya kupokea kwa tahadhari, kwani vingi vinatoka kwenye miti ya wanachama walionakiliana. Muda wa majaribio wa siku 14 unatosha kama umejiandaa na orodha. Weka ukumbusho wa kughairi, kwa maana kadi hutozwa yenyewe muda ukiisha. Find a Grave, tovuti ya makaburi inayomilikiwa na Ancestry tangu 2013, ni bure. Iamini picha ya jiwe la kaburi, uwe na mashaka na wasifu uliochapwa chini yake, na kumbuka kuwa mawe mengi yaliwekwa na wajukuu miaka mingi baada ya mazishi.

Kabla ya kuandikia mahakama ya kaunti kuomba wosia au cheti cha ndoa, fungua atlasi ya mipaka ya kaunti ya Maktaba ya Newberry, Chicago, nayo bure. Kaunti za magharibi ziligawanywa mara kwa mara, na karatasi hubaki kwenye kaunti iliyokuwepo siku ile, hata kama shamba leo liko kwingine. Na kama mlowezi wako alikwenda Texas, GLO Records ya serikali kuu haitakusaidia kabisa, kwa sababu Texas ilibaki na ardhi yake ilipojiunga na Marekani. Majalada yake yako Austin, katika ofisi ya ardhi ya jimbo hilo, na faharasa yake inatafutika mtandaoni bila malipo.